Maziwa Mawili kwa Asubuhi Moja

Nakuru,
Jumapili jioni.

Mpendwa dada Nekesa,

Salamu kwako, kwa baba watoto, na kwa mama mkwe wako ambaye nasikia ndiye aliyeianzisha safari hii. Sisi huku tu wazima, ila baridi ya Mau inatukunja.

Barua yako nimeipata pamoja na ile ratiba uliyotumiwa na watu wa safari. Wamekuandikia maziwa matatu kwa nusu siku: Nakuru, Elementaita na Bogoria. Kwa wino inawezekana, kwa magurudumu haiwezekani. Bogoria iko kaskazini, njia ya Mogotio kuelekea Marigat, na kwenda na kurudi tu kunakula karibu saa nne kabla hamjashuka hata kunyoosha miguu. Elementaita iko upande wa pili kabisa, njia ya Nairobi. Isitoshe Bogoria iko bondeni, karibu mita 990 tu kutoka usawa wa bahari, ilhali Nakuru iko mita 1,750 na ushei. Ukifika kule saa sita mchana na bibi wa miaka sabini, zile chemchemi zinazorusha maji ya moto atazitazama kupitia dirishani akijipepea. Bogoria uipe siku yake nzima, safari nyingine. Waambie waifute, halafu uangalie wasipunguze muda wa yale mawili yaliyobaki.

Hayo mawili ni nyumba moja yenye vyumba viwili. Maelfu ya miaka iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi, yalikuwa ziwa moja kubwa la maji baridi, kisha ukame ukalikausha mpaka yakabaki madimbwi mawili ya magadi na kilima katikati. Mpaka leo yupo ndege ambaye hajakubali kwamba yametengana, naye ni mwari, yule mweupe mwenye mfuko chini ya mdomo. Hutaga na kulea makinda kwenye visiwa vya mawe vya Elementaita, lakini samaki wa kumshibisha kule ni haba, kwa hiyo huja kuvua Nakuru. Samaki wenyewe ni perege wadogo walioletwa kutoka Ziwa Magadi miaka ya 1950 na 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu. Mbu sijui kama waliisha, ila mwari alipata kantini.

Nakueleza haya kwa sababu ndiyo yanayopanga saa zenu. Mwari mkubwa huweza kufika kilo 10 na zaidi, na kupiga mabawa mfululizo na mwili ule ni kazi bure. Hungoja jua lipashe ardhi joto, hewa ya moto ianze kupanda, ndipo ajiachie azunguke nayo juu kwa juu hadi avuke kilima. Kabla ya saa tatu asubuhi ni nadra kumwona juu angani. Kuanzia saa tatu na nusu hivi, siku isiyo na mawingu, utawaona wakipanda kwa kundi kama majani makavu kwenye kimbunga cha vumbi. Kwa hiyo alfajiri muwe Nakuru, ambako wanyama wanatembea wakati wa baridi, na saa nne muwe Elementaita, shingo juu. Mkigeuza mpango, mtamkosa mwari na mtamkuta kifaru amelala kichakani.

Sasa huyo wa kuwaongoza. (Kwanza, tahadhari: lile neno la Kizungu la mwongoza watalii, likipita kwenye ulimi wetu, linatoka "gaidi". Watoto wako wasilipige kelele mbele ya askari wa lango.) Muulize kama ana beji ya KPSGA, chama cha waongozaji safari wa Kenya. Kuna ya shaba, ya fedha na ya dhahabu. Kwa asubuhi moja, shaba inatosha kabisa. Usikubali kulipishwa zaidi kwa ajili ya dhahabu ambayo hamtaitumia. Kampuni nayo iwe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na gari liwe na bima ya kubeba abiria wa kulipa. Hilo la bima ndilo watu husahau. Jirani mwenye gari zuri na bei ya chini anaweza kuwapeleka vizuri kabisa, lakini likitokea la kutokea barabarani bima yake ya kibinafsi haitawatambua.

Kisha mtake aandike, hata kwenye simu, bei imefunika nini: kiingilio cha watu, kiingilio cha gari (hulipiwa peke yake, kulingana na idadi ya viti), mafuta, na yeye mwenyewe. Ugomvi mwingi wa langoni hautokani na wizi, unatokana na neno "kila kitu" ambalo kila mmoja alilielewa kivyake.

Gari: ninyi ni watu wazima watatu na watoto wawili. Chukueni lile la watalii lenye paa la kuinuka, kila mtu akae dirishani. Mvua ikiwa imenyesha siku mbili tatu mfululizo, hasa Aprili na Mei au Novemba, dai gari linalovuta kwa magurudumu manne. Udongo wa kando ya ziwa ni ule mweusi unaonata. Ukilowa hujaza mikunjo ya tairi mpaka tairi linakuwa laini kama mkate, na gari linaanza kuteleza upande bila kwenda mbele. Kukwama mbugani si kama kukwama njia ya shambani, maana hamruhusiwi kushuka kusukuma. Mnakaa ndani mnangoja kuvutwa, na nusu siku yenu inaishia hapo.

Malipo ya mbuga hayachukuliwi kwa noti. Ni kupitia eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, kwa M-Pesa au kadi. Lipeni usiku wa kuamkia safari, si langoni. Saa kumi na mbili asubuhi pale langoni kila mtu anashikilia simu juu akitafuta mtandao, ule ujumbe wa kuweka namba ya siri unachelewa, mtu anarudia, pesa zinakatwa mara mbili. Angalia tarehe ya tiketi kabla ya kubonyeza, kisha piga picha ya skrini uihifadhi, isikulazimu kuitafuta kwenye intaneti. Kila mtu mzima abebe kitambulisho halisi, kwa maana bei ya mwananchi hutolewa kwa anayethibitisha. Kwa watoto beba nakala za vyeti vya kuzaliwa. Kiasi chenyewe sikuandikii, kwa kuwa kimekuwa kikibadilika. Kiangalie wiki ile ile.

Chupa za plastiki za maji msibebe. Tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga, na hiyo ni pamoja na chupa, vikombe, sahani na vijiko. Chukua zile chupa za shule za watoto, na chai kwenye thermosi. Chakula kiwe kwenye kontena lenye mfuniko wa kubana. Ndizi mbivu ziache nyumbani; nitakuambia sababu.

Fikeni Nakuru jioni ya kuamkia, mlale. Kutoka Bungoma usiku kwa usiku mkitarajia kuunganisha na safari ni kumtesa bibi. Gari liwachukue saa kumi na moja na nusu alfajiri, langoni mfike linapofunguliwa saa kumi na mbili. Vaeni kama mnaoenda kukamua ng'ombe Kipipiri: sweta, koti, kofia ya kuziba masikio. Paa likiwa wazi na gari linatembea, nyuzi 10 zinahisiwa kama 6 au 7. Kufikia saa nne mtakuwa mmevua vyote, kwa hiyo vaeni tabaka kwa tabaka, si koti moja zito.

Usishangae lango na barabara zisipofanana na ramani ya zamani. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya ziwa yamepanda sana, kutoka eneo la kilomita za mraba 40 hivi hadi zaidi ya 60, yakameza lango kuu la zamani, ofisi, na sehemu ya barabara iliyokuwa ikizunguka ufuo. Utaona migunga iliyokufa imesimama ndani ya maji, myeupe kama mifupa. Ndiyo maana dereva anayefuata simu badala ya kufuata akili atawafikisha mahali barabara inapotumbukia ziwani, arudi nyuma. Muulize mapema: "Sasa hivi upande gani unapitika?" Akijibu papo hapo, alikuwa huko juzi. Akianza kuzunguka maneno, hakuwa.

Mwendo ndani ni kilomita 40 kwa saa, na kwa ukweli 20 ndiyo ya kuonea vitu. Kwa saa tatu mtaona nyati, pundamilia, twiga, swala wa kila namna, na mkitulia, kifaru. Kuna weupe na weusi, na rangi haisaidii kitu, wote ni wa rangi ya tope walilogaagaa. Tazama mdomo. Mweupe ana mdomo mpana uliokatika bapa kama wa ng'ombe, kwa sababu anakula nyasi; kwa hiyo utamkuta uwandani kichwa chini. Mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka wa kukwanyua majani, kwa hiyo anakaa kichakani, na ni mkali zaidi. Wafundishe watoto mchezo huo wa midomo, watanyamaza saa nzima. Na uwaambie mapema kwamba ndovu hakuna. Mbuga hii ni ya kilomita za mraba 188 tu, imezungushiwa ua, na ndovu hawamo. Watoto wengi hulia kwenye gari wakirudi kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Mwongozaji mzuri akisimama huzima injini. Gari likitetemeka, darubini haionyeshi kitu. Asipozima, mwombe kwa upole. Ni haki yenu. Kuhusu darubini, yenye maandishi 8x42 ndiyo bora kwa mtu asiyezoea: inakuza mara nane, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42 unaoingiza mwanga wa kutosha alfajiri. Zenye kukuza mara 12 au 16 zinavutia dukani, lakini mkono wa bibi ukitikisika kidogo tu, ndege anaruka kutoka ukingo hadi ukingo. Mkalishe, aegemeze viwiko kwenye kingo za dirisha.

Heroe sasa, hawa ambao Nakuru nzima tunawaita flamingo. Mama mkwe wako ameona ile picha ya kalenda ya zamani, ufuo wote waridi kama kanga mpya. Mtayarishe. Heroe mdogo, ndiye aliye waridi kabisa na mdomo wa rangi ya damu ya mzee, anaishi kwa mwani mwembamba unaoota kwenye maji makali ya magadi, yenye utelezi kama maji ya sabuni. Anauinamisha mdomo juu chini, ulimi unapampu maji ndani na nje, mwani unabaki. Rangi yenyewe inatoka kwenye chakula hicho. Ziwa Nakuru halina mto wa kutoka, kwa hiyo ukame ukizidi magadi yanakolea, na mvua ikizidi mito ya Njoro, Makalia na Nderit inayazimua. Mwani ukipungua, heroe haandiki barua. Anaondoka usiku, kesho yuko Bogoria au kwingine. Hata kutaga hatagi hapa, wengi wao huenda Ziwa Natron, Tanzania. Kwa hiyo mnaweza kukuta elfu kadhaa, au mia mbili, au mstari mwembamba wa waridi upande wa mbali. Anayewaahidi milioni ni wa kuogopwa kuliko anayesema "tutaona". Yule mrefu mweupe-mweupe kati yao ni heroe mkubwa. Yeye hula vidudu vya matopeni na hupatikana hata maji yakiwa yamezimuka.

Pale Genge la Nyani, upande wa magharibi, mtapewa ruhusa ya kushuka. Ziwa lote liko chini yenu. Ila jua la asubuhi litakuwa usoni, kwa hiyo picha zitatoka nyeupe na ninyi weusi. Tazameni kwa macho, picha mziache; pale ni mahali pa kupigia picha jioni. Na hapo ndipo suala la ndizi. Nyani wa pale wamesomea mifuko ya watalii. Anajua sauti ya zipu. Milango na madirisha yafungwe yote kabla ya kutembea hata hatua kumi, na mtoto asishike kitu cha kuliwa mkononi. Nyani akinyakua, mwacheni. Meno yake ni marefu kuliko ya mbwa.

Wakitaja maporomoko ya Makalia, kataeni. Ni pazuri, lakini pako mwisho wa kusini na panakula saa nzima ambayo nimekwisha kuwagawia.

Tokeni kwa lango la Lanet kabla ya saa tatu na nusu, mshike barabara kuu ya Nairobi. Elementaita ni mwendo wa kama nusu saa, malori yakipenda. Ziwa linajitokeza kulia. Kwenye vituo vya kutazamia vya kando ya barabara, kule juu, jua sasa liko mgongoni mwenu, na hapa ndipo mpige picha. Ng'ambo ya maji utaona mlima uliolala chali: paji la uso, pua, kidevu, kifua. Huitwa Shujaa Aliyelala, na wengine Pua ya Delamere, kwa yule mlowezi aliyejitwalia ardhi ya huku mwanzoni mwa karne iliyopita. Nyuma yake ni Eburru, mlima wa volkano ambao bado unatoa mvuke. Kuna jambo hunichekesha: jina la Nakuru na la Elementaita yote yametoka kwa Wamasai, na yote husemwa kuwa na maana ya vumbi. Wangeyaona leo wangeyabatiza upya.

Nyuma yenu, mkono wa kushoto wa barabara, ni Kariandusi, ambako mwanaakiolojia Louis Leakey alichimbua mashoka ya mawe ya watu wa kale. Kama watoto bado wana nguvu, dakika arobaini zinatosha. Ukuta mweupe wa kando, unaofanana na chaki, ni mabaki ya mwani mdogo sana wa ziwa la kale zaidi hata kuliko lile nililokutajia. Uguse ukuta huo uone ulivyo mwepesi. Kama wamechoka, rukeni.

Ufuoni kwenyewe sehemu kubwa iko ndani ya hifadhi ya Soysambu, na kuingia huko ni malipo mengine. Kwa nusu siku nendeni upande wa kusini, kwenye chemchemi za moto za Kekopey. Joto linatofautiana kidimbwi na kidimbwi, kwa hiyo mkono utangulie mguu. Mawe yana utelezi. Bibi avae raba, si kandambili. Magoti yake yatafurahi, lakini dakika kumi na tano zinatosha, na maji hayo hayanywewi hata kwa kuonja. Yana floraidi nyingi, ile ile inayotia meno ya watu wa huku rangi ya chai.

Mwari atakuwa anashuka na kupanda wakati huo. Wakikataa kuonekana, usimlaumu mwongozaji. Maji ya Elementaita yakishuka, visiwa vinaungana na nchi kavu, fisi na mbweha wanavuka kwa miguu, na mwari hatagi mwaka huo.

Jambo la mwisho ni tumbo. Kikopey, pale barabarani kabla ya Gilgil, ndipo pa mbuzi choma. Nyama huchukua karibu saa nzima kuiva, na wenye njaa hufika saa saba wakaanza kungoja. Mkitoka kituo cha kutazamia, piteni kwanza hapo, chagueni mguu au mbavu mkiona, ipimwe mbele yenu, muwalipe kidogo, kisha ndipo mteremke chemchemini. Kwa watu watano, kilo mbili na nusu na ugali mmoja mkubwa. Mkirudi saa sita na nusu itakuwa inakatwa. Nakuru mtafika saa nane kasoro, na ikiwa ni Jumapili msichelewe zaidi ya hapo, kwa kuwa jioni barabara hujaa magari ya wanaorudi Nairobi.

Mwongozaji akiwa mzuri, mpe pesa ya asante mkononi mwake, elfu moja kwa kundi zima si aibu. Usiipitishe ofisini.

Niandikie kabla ya Alhamisi kama mtakuwa watano au sita, maana yupo mama mmoja jirani mwenye darubini ya pili ya kuazima, na anataka kujua siku. Na ukija, niletee omena wa Port Victoria kilo moja, wa huku wamejaa mchanga.

Ni mimi rafikiyo,
Cherono